Kuapgredi vifaa kwenye gemu za RPG (zile unazomkuza mhusika wako) bila kubaki mikono mitupu: mwongozo mzima kutoka barazani Langoni, Lamu

Wacha nianze na kofia. Kuna gemu moja sitaitaja, nilikaa karibu miezi mitatu nikimsaka bosi, yaani adui mkubwa, anayeangusha kofia fulani, ikatoka, nikaipandisha nguvu ngazi kwa ngazi mpaka +7, watu wa chama changu cha humo ndani ya gemu wakanipongeza, nikalala vizuri. Usiku wa pili nikasema hebu moja tu, iende +8. Ikavunjika. Si kwamba ilipungua nguvu, la, ilipotea kwenye begi kama haijawahi kuwepo na kadi ya kuongeza nguvu niliyokuwa nimeichomeka ndani ikaenda nayo. Fundi wa ndani ya gemu akaniambia pole kwa maneno yaleyale anayomwambia kila mtu. Nikazima simu nikashuka Mkunguni saa nne ya usiku, natembea tu.

Tangu siku ile vijana wa hapa barazani wananiuliza kabla hawajabonyeza, sio kwa sababu mimi bingwa, ni kwa sababu ada ya somo nishailipa. Na maswali ni yaleyale: nianze na kipi, nipandishe mpaka wapi, ninunue ama nitengeneze mwenyewe. Basi naandika yote hapa nipumzike.

Kwanza jua gemu yako ni ya aina gani

Hapa ndo wengi wanaharibikiwa, mtu anachukua ushauri wa gemu moja anaupeleka kwa nyingine alafu analia. Mimi nazigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni za ngazi. Mfano mzuri ni Old School RuneScape, ambayo kwenye simu iko tangu Oktoba 2018 na hata simu ya bei ya chini inaibeba. Huko hakuna cha kuongeza plasi wala kuvunjika. Unaanza na vifaa vya bronzi na chuma, levo 5 unavaa chuma cha pua, levo 20 mithril, 30 adamant, 40 rune, 60 dragon. Kizuizi chako ni levo, pesa, na saa zingine kazi maalum ya hadithi, kwa mfano deraa ya kifua ya rune huwezi kuivaa mpaka umalize hadithi ya Dragon Slayer hata uwe na mamilioni. (Nasema deraa ya vita, sio lile dera la kina mama, maana juzi mmoja hapa alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.)

Fungu la pili ni za plasi: Ragnarok Online, Black Desert, Lineage na ndugu zao, nyingi zimetoka Korea Kusini. Kifaa ni kilekile lakini unakipandisha +1, +2, +3 kwa kutumia mawe ama madini, na ukivuka kiwango fulani unaingia kamari. Kofia yangu ilifia huku.

Fungu la tatu ni za bahati ya stati (stati ni zile namba za nguvu za kifaa), kama Genshin Impact. Hakivunjiki kitu, lakini unapopandisha gemu yenyewe inachagua kiongezeke nini, na inaweza kukuongezea takataka mara tano mfululizo.

Alafu kuna machotara. Albion Online ina ngazi, ina uchawi wa kuongeza juu ya ngazi, na juu ya hayo ukifia sehemu mbaya mwenzio anakuvua kila kitu. Nitairudia.

Soma stati kabla hujapenda rangi

Kila kifaa kina namba. Usiangalie namba kubwa iliyoandikwa juu peke yake, angalia inafanya nini kwa dakika. Mfano ninaoupenda ni huohuo wa RuneScape: kuna upanga mrefu wa rune na ule wa kupinda, scimitar. Ukizisoma namba, ule mrefu uko juu kidogo. Lakini wa kupinda unapiga kila sekunde 2.4 na mrefu kila sekunde 3, maana yake kwa dakika moja wa kupinda unapiga mara 25 na mrefu mara 20. Ndo maana karibu kila mtu anayefanya mazoezi bila kulipia anashika wa kupinda. Mtu asiyejua anauza mzuri kununua mbaya, na anatoka dukani anajiona kaula.

Swali la pili ni wewe kazi yako nini. Kama wewe ndo unasimama mbele kubeba mapigo ya bosi, unataka uhai na ulinzi. Kama wewe mganga wa kutibu wenzio, unataka nguvu ya uchawi na uwezo wa kutumia uchawi mara nyingi bila kuishiwa. Kama wewe mpigaji basi ni pigo, kasi na kriti (lile pigo linalotoka kwa bahati likiwa na nguvu zaidi). Kifaa cha bei ghali chenye stati za kazi ya mwingine ni mzigo tu.

Na stati zinafanya kazi pamoja. Kwenye Genshin kuna nafasi ya kriti na nguvu ya kriti. Ukijaza nguvu ya kriti na nafasi yenyewe ni ndogo, kriti haitoki, umepamba nyumba isiyo na mlango. Watu wanafuata uwiano wa moja kwa mbili, yaani nafasi 60 nguvu 120, na sio ushirikina, ni kwa sababu gemu yenyewe inavyogawa, ongezeko moja la juu kabisa la nafasi ni 3.9 na la nguvu ni 7.8, mara mbili kamili.

Anza na silaha

Nikiulizwa nianze na kipi jibu langu ni silaha, karibu kila mara. Ukiua haraka unapata pesa haraka, na hiyo pesa ndo itanunua ngao, viatu na pete. Ukianza na viatu utakimbia vizuri lakini kila adui anakuchukua dakika mbili, na jioni yote imekwisha una senti tatu. Mbeba mapigo peke yake ndo aanze na deraa, na hata yeye akiwa anacheza peke yake bila chama bado namwambia silaha kwanza.

Baada ya silaha, deraa ya kifua, manake ndo kipande kinachobeba ulinzi mwingi. Kisha vile vidogo: kofia, viatu, glavu. Vito na hirizi mimi naviweka mwisho kwenye gemu za plasi kwa sababu ndo hatari zaidi kupandisha, ila kwenye gemu za ngazi ni kinyume, hirizi ni rahisi na inasaidia sana. RuneScape kuna hirizi ya nguvu inayokupa +10 ya nguvu ya pigo, na ile inayoitwa ya power inakupa +6 ya kila kitu. Ukiwa unapigana kwa mkono tu, chukua ya kwanza. Huu ni ubishi wa kila wiki hapa na mimi sijabadilisha msimamo.

Jambo lingine: usipandishe kifaa cha njia. Kifaa cha njia ni kile utakachokivaa siku mbili tatu kabla hujafika levo ya kingine. Watu wanamaliza mawe yote kwenye upanga wa levo 20, wakifika 30 hawana kitu. Bandu bandu huisha gogo. Ukiona levo ya kifaa kinachofuata iko karibu, vumilia na ulichonacho, hata kama wenzako wanakucheka.

Kikomo cha usalama

Hii sehemu soma mara mbili.

Gemu nyingi za plasi zina kikomo, chini yake hupati hasara, juu yake ni kamari. Ragnarok ya zamani iko wazi kabisa: silaha ya daraja la 1 ni salama mpaka +7, daraja la 2 mpaka +6, la 3 mpaka +5, la 4 mpaka +4, na deraa, kofia, viatu vyote salama mpaka +4. Madini nayo yanatofautiana, Phracon kwa silaha ya daraja la 1, Emveretarcon kwa la 2, Oridecon kwa la 3 na la 4, na Elunium kwa vya kuvaa. Seva zingine zimebadilisha hizi namba, na matoleo mapya pia, kwa hivyo usinishike shati, soma ya seva yako kwanza.

Sasa angalia juu ya kikomo. Kwa kofia, kutoka +4 kwenda +5 ni asilimia 60. Kwenda +6 ni 40. Kwenda +7 ni 40 tena. Mtu anasikia 60, 40, 40 anaona si mbaya. Lakini ili ufike +7 lazima zote tatu zikubali moja baada ya nyingine, kwa hivyo unazidisha: 0.6 mara 0.4 mara 0.4, unapata 0.096. Asilimia 9.6. Yaani katika kofia kumi unazoanza nazo zikiwa +4, tegemea moja, na tisa zimevunjika.

Hata hiyo moja haina ahadi. Ukiwa na kofia kumi, nafasi ya zote kumi kuvunjika ni kama asilimia 36. Ukiwa na ishirini bado ni kama 13. Mimi nikimfundisha mtu natumia kete za bao, naweka kumi kwenye mfuko, sita nazitia alama, avute moja. Akitoa yenye alama kafaulu, anairudisha, natoa mbili zenye alama natia mbili tupu, anavuta tena, alafu tena. Baada ya raundi tano sita uso unabadilika. Hapo hata simchoshi kwa hesabu, keshaelewa mkononi.

Kutokana na hesabu hii nina kanuni yangu ya kununua. Kama sokoni kofia ya +7 inauzwa chini ya bei ya kofia kumi za +4, nunua iliyokwisha pandishwa, usiguse fundi. Kuna mtu kule kavunja zake tisa, yeye ndo kalia, wewe lipa chukua. Kama inauzwa bei ya kumi na tano na zaidi, hapo kutengeneza mwenyewe kunaweza kulipa, lakini tu ukiwa na mtaji wa kuvunja ishirini bila kutetemeka. Na usisahau bei ya Elunium yenyewe, watu wanahesabu kofia wanasahau madini.

Na kadi, na vito vya kuchomeka: hivyo ni vya MWISHO. Ragnarok ya zamani kadi ikishaingia kwa kawaida haitoki, kifaa kikivunjika inakwenda nayo. Pandisha kwanza ufike pale ulipoamua kusimama, kisha ndo uchomeke. Mimi nilifanya kinyume, nimeshasema.

Kusimama wapi? Amua ukiwa umetulia, kabla hujafungua dirisha la fundi, uandike. Wallahi andika, kwenye karatasi ama kwenye simu, "kofia hii inaishia +6". Maana ukishafaulu mara mbili mfululizo akili inatoka, unajiona leo siku yako.

Kuhusu siku yako

Bin ami yangu yeye anaamini bamvua. Maji yakijaa sana bahari inajaa na baraka, ndo anapandisha. Siku moja alinipigia simu alfajiri.

"Ndoo uone, yeo mai yameyaa, haivunjiki."

Nikamwambia yakhe, hiyo seva iko Ulaya, haijui bamvua ya Amu.

Ikavunjika. Kesho yake akasema hakukosea, ila alichelewa kidogo, mai yalikuwa yashaanza kupwa.

Wengine wanasema pandisha seva ikiwa na watu wachache, wengine simama karibu na kisima cha mji fulani, wengine vunja kwanza vitu viwili vya bure alafu cha tatu ndo chako. Hili la mwisho lisikilize vizuri kwa sababu ndo lina mtego. Kwenye gemu kama Ragnarok ya zamani kila jaribio linasimama peke yake, kuvunja vitatu hakukuongezei chochote cha nne. Kwenye Black Desert ni tofauti kweli: kila ukifeli unajikusanyia akiba, wanaiita failstack, inaongeza nafasi ya jaribio linalofuata, na ukifaulu inarudi sifuri. Kwa hivyo kule kufeli kwa makusudi na kifaa cha bei rahisi, ukapata akiba, ukaitumia kwenye kifaa cha maana, ni mbinu halali kabisa. Huyu aliyetoka kule akaja kufanya hivyo hivyo huku, anavunja vitu bure.

Na maadamu nimeitaja Black Desert: ngazi za vifaa vyake vingi zinakwenda mpaka +15, baada ya hapo zinaitwa PRI, DUO, TRI, TET, PEN. Deraa na silaha ukifeli zinapungua uimara, na ukishafika juu kutoka DUO kwenda mbele kufeli kunaweza kukurudisha ngazi moja chini. Vito vingi vya kawaida vyenyewe vinapotea kabisa. Kuna mawe ya Cron ya kukinga, ni ghali, na ushauri wangu ni yatumie tu pale ambapo kifaa kina thamani kubwa kuliko mawe yenyewe, sijui mbona mtu atumie kinga ya milioni mia kulinda pete ya milioni hamsini lakini nimeshaona.

Genshin na wenzake: hapa shida ni muda

Kule hakuna kuvunjika, lakini kuna resini, ile nguvu unayoilipa kuchukua nyara. Inajaa moja kila dakika 8, maana yake 180 kwa siku. Tangki lake lilikuwa 160, mwaka 2024 wakaliongeza kuwa 200, kwa hivyo likiwa tupu linajaa kwa saa 26 na dakika 40. Pango moja la mapambo (artifacts, vile vifaa wanavyovaa wahusika) linakula 20. Piga hesabu: mara tisa kwa siku basi. Ndo maana ukipoteza resini kwenye vitu vya mapema unajirudisha nyuma.

Utaratibu wangu: kabla ya daraja la akaunti 45 usihangaike na mapango ya mapambo kabisa. Tumia resini kwa vitabu vya talanta, mawe ya silaha na vya kupandishia wahusika. Kwenye 45 ndo pango linaanza kukuhakikishia pambo la nyota tano, na hapo ndo uingie.

Mapambo yako matano. Ua linatoa uhai, unyoya unatoa pigo, hivi viwili havibadiliki. Vitatu vingine, saa ya mchanga, kikombe na taji, vinakuja na stati kuu tofauti tofauti, na ukikosea stati kuu hakuna kitu chini yake kitakachokuokoa. Ukipata nzuri, usikimbilie +20. Kila levo nne stati moja ndogo inaongezeka, kwa hivyo pandisha mpaka +4 usimame uangalie, mpaka +8 uangalie tena. Kama mara mbili zote zimekwenda kwenye ulinzi na wewe unataka kriti, acha hapo. Hujapoteza sana, manake ukilitumia hilo pambo kulisha lingine unarudishiwa asilimia 80 ya ulichokuwa umelisha. Mimi nawaona watu wanapeleka mpaka +20 wakitumaini, wanatumaini nini sijui.

Soko, na Albion niliyoahidi

Albion karibu kila kifaa kimetengenezwa na mchezaji, kwa hivyo soko ndo gemu yenyewe. Kila ngazi inaongeza 100 ya nguvu ya kifaa, ngazi ya 4 inaanzia 700, ya 5 ni 800, ya 6 ni 900. Na uchawi nao kila nukta inaongeza 100. Sasa tazama: 4.2, 5.1 na 6.0 (namba ya kwanza ni ngazi, ya pili ni uchawi) zote msingi wake ni 900. Nguvu ileile karibu, bei tofauti kabisa, na inategemea mji gani, Martlock sio bei ya Thetford. Kabla hujalipa angalia zote tatu. Siku zingine 4.2 iko chini kwa thuluthi na mtu anang'ang'ania 6 kwa sababu ya jina tu, na hiyo 6 inataka uwe umeshaifungua kwenye ubao wako wa maendeleo ndani ya gemu.

Ukitaka kuongeza uchawi mwenyewe kwa runi, yale madini ya uchawi ya Albion, jua silaha ya mikono miwili inakula runi nyingi sana kuliko kofia ama viatu. Kwa hivyo kama runi zako chache, ongeza kofia na viatu mwenyewe, silaha nunua tayari.

Kanda za bluu na njano ukiangushwa unaamka na vitu vyako. Kanda nyekundu na nyeusi ukifa vimekwenda, mwenzio anachukua na vingine vinaharibika. Kanuni ya huko: usivae kitu usichoweza kukinunua tena mara tatu. RuneScape nayo kule Wilderness, kanda ambayo wachezaji wanashambuliana, ni vivyo hivyo ukimshambulia mtu ukapata alama ya fuvu, hubaki na kitu isipokuwa ile dua ya kulinda kimoja, na dua hiyo inataka levo 25. Ukifa mahali pa kawaida ni nafuu, vitu vitatu vya thamani unabaki navyo, vingine vinakungoja kaburini dakika 15.

Kuuza vifaa vya zamani: ukisikia sasisho kubwa linakuja na vifaa vipya, uza vya sasa mapema. Kununua ni baada ya sasisho, wakati kila mtu anamwaga vya zamani.

Matapeli

Mtu akikwambia nipe deraa nikutilie nakshi ya dhahabu bure, mkimbie. Kwenye RuneScape nakshi haitiwi na mchezaji yeyote, deraa zile zinatoka zikiwa hivyo hivyo kwenye masanduku ya hazina. Akikwambia nipe milioni nikurudishie mbili, kwa mara ya kwanza atakurudishia kweli, kidogo, ili upeleke kubwa. Dirisha la kubadilishana lina skrini mbili, ya pili isome herufi kwa herufi, maana wanabadilisha kitu dakika ya mwisho kwa kinachofanana.

Kununua dhahabu ya gemu kwa pesa ya simu kutoka kwa mtu wa kando, gemu nyingi zinafunga akaunti kwa hilo. Kijana mmoja hapa alituma pesa jioni, dhahabu ikaja usiku, asubuhi akaunti haifunguki. Tia namba ya siri kwenye benki ya gemu kama ipo, na uthibitisho wa hatua mbili.

Umeme, data na kidole

Sisi huku kisiwani tuna mambo yetu. Gemu kama Genshin ni makumi ya gigabaiti, usiishushe kwa bando, ngoja uende kwa mtu mwenye waifai ushushe usiku. RuneScape ni nyepesi, inakula data kidogo, ndo maana naisifia, hata ukiwa kwenye boti ya Mokowe inakwenda. Ukiweza kuchagua seva, chukua ya Ulaya, Albion wana ya Ulaya tangu 2024, RuneScape chagua dunia za Uingereza ama Ujerumani, manake data yetu inapitia nyaya za baharini zinazotokea Mombasa na safari ya Ulaya ni fupi kuliko ya Marekani.

Kupandisha kifaa mtandao ukiwa unasuasua hakubadilishi bahati, matokeo yanaamuliwa kwenye seva sio kwenye simu yako. Shida ni kidole. Umebonyeza, skrini imeganda, unadhani haikupokea, unabonyeza tena, kumbe zimepokewa zote mbili na umevuka kikomo ulichokiandika. Skrini ikiganda weka simu chini. Toka, ingia upya, angalia begi, ndo uendelee. Na msimu wa kaskazi joto linapokuwa jingi simu ikichemka inapunguza kasi yenyewe, itoe kava, usiichaji ukicheza, kaa penye upepo.

Umeme ukikatika katikati ya pango la bosi na chaji iko asilimia 9, waambie wenzako wa chama mapema utoke, usiwaache na bosi mwenye nusu uhai. Watakusamehe mara moja.

Kilichobaki ni vifaa vyako vya zamani. Usiuze vyote. Weka seti moja nzima ya bei rahisi, silaha, deraa, kofia, viatu, kwenye benki ya gemu, iwe ile ya kwendea mahali usipopajua. Mimi yangu naiita ya kufia. Ukivunjiwa kila kitu usiku mmoja, asubuhi unaivaa hiyo unarudi kwa wale maadui wa kwanza kabisa, unaanza kuokota senti. Bin ami yuko huko sasa hivi, siku ya nne, na jana ameniuliza bamvua nyingine lini.